Mafungu 60 bondeni, 45 juu: uchambuzi wa kisa cha mke na mume walima mchicha Msongola

Tuchukue mke na mume wanaolima mchicha Msongola, pembezoni mwa wilaya ya Ilala, ambako Dar es Salaam inaishia kwenye mashamba na viwanja ambavyo bado havijajengwa. Mume ana matuta 20 bondeni, hatua chache kutoka kisimani. Mke ana matuta 20 juu, ng'ambo ya njia, kwenye kiwanja cha mtu anayeishi mjini, aliyemruhusu alime huku akimlindia. Matuta yana upana mmoja na urefu mmoja, na mbegu wamenunua duka moja. Wote wawili wamo katika umoja wa wakulima wa mboga, na akina mama wa umoja huo wamesajili kikundi chao wapate kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Ili maombi yawe na uzito, mwenyekiti wa umoja akafungua daftari la mavuno la Januari na Februari. Akakuta tuta la mume limetoa wastani wa mafungu 60, la mke mafungu 45. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: wanawake wako nyuma kwa robo nzima, wapewe mafunzo ya kilimo bora.

Niseme mapema kwamba familia hii nimeiunda kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika bustani za mboga za jiji, na hesabu zake ni za mfano, zitusaidie kupima hoja. Takwimu za tafiti nitakazozitaja ni za kweli.

Pengo lililomo daftarini silikatai. Ninachokataa ni yale maneno ya kalamu nyekundu, kwa sababu yameshaamua chanzo cha pengo kabla mtu hajapanda juu kutazama, na kwa sababu maamuzi ya namna hiyo ndiyo yanayokula fedha za miradi mingi ya akina mama: semina, posho, fulana, na matuta yanabaki vilevile.

Pengo la robo halikuzaliwa Msongola. Mwaka 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza kwamba mashamba yanayosimamiwa na wanawake yanazalisha pungufu kwa takribani asilimia 24 yakilinganishwa na mashamba ya ukubwa uleule yanayosimamiwa na wanaume. Kwa Tanzania, ripoti ya mwaka 2015 iliyoandaliwa na Benki ya Dunia pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikuta pengo la asilimia 16, Uganda asilimia 13, Malawi asilimia 28. Jambo la kushika katika ripoti ile ni sababu iliyobeba sehemu kubwa kuliko zote ya pengo la Tanzania: wanawake wanakosa nguvu kazi ya wanaume wa familia katika mashamba wanayoyasimamia. Wasomaji wengi wangetarajia elimu au mbegu zitangulie. Kilichotangulia ni mikono, yaani nani anaweza kumwita nani aje amsaidie, na saa ngapi.

Basi tuanzie hapo, maana hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Nani anamwita nani

Kiangazi cha Dar es Salaam hakina huruma kwa mchicha mchanga. Siku za kwanza baada ya kuota, mizizi iko juujuu tu ya udongo, na tuta lisipopata maji asubuhi na jioni miche inakauka kwa mabaka. Mkulima anayavuna mabaka hayo wiki tatu au nne baadaye: tuta lina vipara, na mnunuzi anayenunua tuta zima kwa kulitazama anashusha bei.

Siku ya familia hii inakwenda hivi. Alfajiri wanashuka wote wawili bondeni. Mume anawasha pampu na kushika mpira, mke anapalilia, anaokota viwavi, anatengeneza kingo zilizobomoka. Yeye akitaka kupanda juu mapema, mume anamwambia kwa upole, "Mama watoto, tumalizie huku kwanza, jua lisije likatukuta." Baada ya saa mbili za kazi bondeni ndipo anapanda kwake. Mpira wa pampu haufiki ng'ambo ya njia, kwa hiyo anabeba keni mbili kutoka kisimani, mkono huu na mkono huu, safari baada ya safari. Tuta lake la mwisho linapata maji jua likiwa tayari limeshika utosi. Jioni anaanza na jiko na watoto, halafu keni tena, kama giza halijaingia.

Mwenyekiti alipopita alimwambia, "Shemeji, matuta yako yamelala."

"Hayajalala, mwenyekiti. Yanachelewa kunywa."

Jibu hilo lina utambuzi zaidi ya maandishi yote ya pembeni. Mama huyu anajua hasa tuta lake linakosa nini na linakosa saa ngapi. Ukimpeleka kwenye mafunzo ya kumwagilia utamfundisha kitu anachokijua, tena utamtoa shambani asubuhi, saa ambayo ndiyo haba kuliko zote alizonazo.

Tazama sasa upande wa kuitana. Mume anaweza kumwita mke bondeni, na mke anakwenda, kwa sababu ndivyo nyumba inavyokwenda na kwa sababu mavuno ya bondeni ndiyo yanayolipa ada na tofali za nyumba. Mke hawezi kumwita mume juu. Hakuna aliyemkataza, ni jambo lisilosemwa wala kuulizwa. Akihitaji mtu wa kuchimba matuta mapya au wa kupiga dawa kwa bomba la mgongoni, atafute kibarua, ampe fedha mkononi, na asimame naye, maana kibarua asiyesimamiwa anachimba juujuu. Mjane wa jirani ana shida hiyohiyo mara mbili.

Hapa daftari linafanya kosa ambalo silioni likizungumzwa vya kutosha. Mafungu 60 ya kila tuta la bondeni yameandikwa jina la mume, lakini ndani yake mna mikono ya mke, saa mbili kila asubuhi. Mafungu 45 ya juu yameandikwa jina la mke, na ndani yake hamna mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo tunapolinganisha "mume" na "mke" tunalinganisha shamba la watu wawili na shamba la mtu mmoja, halafu tunamlaumu huyo mmoja.

Tupige hesabu. Mume anafanya kazi saa nne kwa siku bondeni, mke saa mbili hapohapo: jumla saa sita. Juu kuna saa tatu za mke peke yake, asubuhi na jioni pamoja. Bondeni matuta 20 yametoa mafungu 1,200, yaani mafungu 200 kwa kila saa moja ya kazi ya kila siku. Juu matuta 20 yametoa mafungu 900, yaani 300 kwa kila saa. Kwa saa, mke yuko mbele.

Nisingependa mtu achukue hesabu hiyo akatangaze kwamba wanawake ni wakulima bora kuliko wanaume. Haisemi hivyo. Saa za kwanza shambani huzaa kuliko za mwisho, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Shamba lenye saa chache daima litaonekana kutoa vizuri kwa saa. Linalothibitika ni dogo zaidi na zito zaidi: saa za familia zimerundikwa mahali ambapo nyongeza yake ni ndogo, na zimekosekana mahali ambapo nyongeza ingekuwa kubwa. Familia yenyewe inapoteza.

Viroba vya mbolea na swali la nani anafaidi

Kilichotokea kwa saa kimetokea pia kwa mbolea. Kabla ya kupanda walinunua viroba 20 vya mbolea ya kuku. Viroba 16 vilimwagwa bondeni, 4 vikapanda juu. Anayejua mchicha atakwambia kiroba cha kumi na sita hakifanyi kazi ya kile cha kwanza. Tuta lililoshiba halishibi zaidi. Tuseme viroba 5 vingehamishwa kutoka bondeni kwenda juu, tuta la bondeni likashuka kutoka mafungu 60 hadi 58, na la juu likapanda kutoka 45 hadi 51. Familia ingetoka mafungu 2,100 ikafika 2,180, karibu asilimia 4 zaidi, bila kununua hata kiroba kimoja.

Jambo hili limepimwa vizuri sana Burkina Faso. Mwanauchumi Christopher Udry, katika makala ya mwaka 1996, alilinganisha mashamba ya wanaume na wanawake wa kaya moja, zao moja, mwaka mmoja. Mashamba ya wanawake yalitoa takribani asilimia 30 pungufu. Sababu haikuwa ujuzi: samadi ilikuwa inakwenda karibu yote kwenye mashamba ya wanaume, pamoja na sehemu kubwa ya nguvu kazi. Akakadiria kwamba kaya zilikuwa zinapoteza takribani asilimia 6 ya mavuno kwa kugawa vibaya vitu ambavyo tayari vilikuwa mikononi mwao. Mwaka huohuo Agnes Quisumbing alipitia tafiti nyingi za nchi zinazoendelea na kukuta kwamba wanawake na wanaume wakiwa na pembejeo na elimu sawa, kwa jumla wanalima kwa ufanisi sawa.

Swali gumu linabaki: kama familia inapoteza, kwa nini haibadilishi? Ni watu wanaokula chungu kimoja.

Wengi hukimbilia kusema mume ni mchoyo. Mimi sioni hivyo, na kumtukana hakutamwagia mtu mchicha. Katika nyumba nyingi za Pwani, hasa za Kiislamu, matunzo ni wajibu wa mume, na chumo la mke ni mali yake mwenyewe. Mume hana haki ya kulidai. Huo ni ulinzi wa maana kwa mwanamke, na akina mama wanaulinda kwa nguvu zote. Lakini una matokeo yake shambani: kwa macho ya mume, kiroba kilichopanda juu kimetoka kwenye mfuko unaobeba wajibu wake na kuingia kwenye mfuko asio na neno nao. Kesho akiulizwa ada, atajibu nini? Anatia mbolea pale anapodaiwa.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa kwa wepesi mno, kwamba waunganishe mashamba walime pamoja. Daftarini mavuno yangepanda. Ila mke angepoteza fedha pekee anayoipangia mwenyewe: mchango wake wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), dawa ya mtoto usiku, nauli ya kwenda kumwona mama yake. Anayepima kwa mafungu peke yake hayaoni hayo.

Kiwanja cha mtu

Juu kuna tatizo jingine ambalo hata mume mwema kupindukia hawezi kulimaliza. Kiwanja si chao. Siku yoyote lori linaweza kuja kumwaga mchanga na kokoto, msingi ukachimbwa katikati ya matuta. Mke akijua hilo anapanda mchicha na si matembele wala nyanya chungu, kwa sababu mchicha unatoka ndani ya mwezi. Hachimbi kisima. Hata mbolea nyingi angesita kuitia, maana mbolea ya kuku huacha nguvu ardhini hata baada ya mavuno ya kwanza, na nguvu hiyo huenda ikawa ya mwenye nyumba.

Huko Akwapim, Ghana, utafiti wa Markus Goldstein na Udry uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta jambo la ukoo huohuo: watu wasio na vyeo vya kijadi, na wanawake wengi wamo, walipumzisha mashamba yao kwa muda mfupi mno kwa kuogopa kunyang'anywa, na mavuno yakaumia.

Sheria yetu ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ni sheria nzuri na ilipiganiwa. Lakini inamfaa mwenye ardhi au mwenye uwezo wa kuinunua, na bei za viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam zimekwenda juu kuliko bei ya mchicha itakavyowahi kwenda. Mama huyu anahitaji kitu kidogo zaidi ya hatimiliki, nacho kinapatikana: karatasi moja iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwamba mwenye kiwanja akitaka kujenga atatoa taarifa ya miezi miwili. Miezi miwili inatosha kuvuna kilichopo ardhini na kutafuta pengine.

Daftari la msimu mmoja

Kuna jambo ambalo mwenyekiti, kwa kuwa ni mkulima mwenyewe, angepaswa kuliona kabla ya kushika kalamu nyekundu. Alichukua kiangazi peke yake. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, maji yanapanda bondeni, matuta ya chini yanazama na miche inaoza. Huo ndio wakati mboga za majani zinaadimika masokoni, Buguruni hadi Kariakoo, na bei inapanda. Matuta ya juu wakati huo hayahitaji keni, na yanasimama. Kama daftari lingefunguliwa mwezi wa Mei, huenda maandishi ya pembeni yangesomeka kinyume chake, wanaume wapewe mafunzo, nayo yangekuwa makosa vilevile.

Kwa familia inayoishi kwa mboga, mashamba haya mawili yanafaana: moja linalisha kiangazi, jingine linaokoa masika. Kulinyima la juu maji na mbolea mwaka mzima ni kudhoofisha shamba ambalo nyumba italitegemea mvua zikizidi.

Hata takwimu kubwa za kitaifa zilikuwa na upofu wa namna hii. Kwa miaka mingi tafiti zililinganisha kaya zinazoongozwa na wanawake na kaya zinazoongozwa na wanaume, na mke mwenye matuta yake ndani ya kaya ya mume hakuonekana popote. Utafiti wa kitaifa wa kufuatilia kaya, ulioanza mwaka 2008/09, ulianza kuuliza kwa kila shamba ni nani anayefanya maamuzi. Swali hilo moja ndilo lililowezesha hesabu kama ile ya asilimia 16.

Ningeandika nini katika maombi

Kama ningeombwa kuandika upya ombi la kikundi, neno mafunzo lisingetangulia. Ningeomba fedha za tangi la plastiki la kukaa juu na mpira mrefu wa kuvuka njia. Pampu ya bondeni inaweza kulijaza tangi jioni, mume akimaliza kwake, na alfajiri mke akafungua bomba bila kumsubiri mtu. Saa zake tatu za keni zingepungua sana, na matuta yote yangekunywa kabla ya jua kali. Kikundi kisijidanganye kwa kununua pampu ya pili na kuikabidhi kwa familia hivihivi. Pampu ina magurudumu ya desturi, itateremka bondeni yenyewe. Tangi lililojengewa kiambaza huko juu halishuki.

Kazi nzito za kuchimba na kupiga dawa ziingizwe kwenye zamu za umoja. Siku moja kwa mwanachama, wote wanakwenda kwa mmoja, mwanamume kwa mwanamke, na mjane wa jirani awe wa kwanza kwenye orodha kwa kuwa ndiye asiye na wa kumwita. Ujima wa namna hii wazee wetu waliujua, na hauhitaji mkopo.

Mbolea ni jambo la nyumbani, umoja hauwezi kuingia chumbani mwa watu. Ila umoja unaweza kununua viroba kwa pamoja na kumkopesha kila mwanachama kwa jina lake, si kwa jina la kaya. Mke akikopa viroba vyake 10 na kuvilipa kwa mchicha wake, havipiti kwenye mfuko wa ada, na mume anaondokewa na ule ugumu wa kumpa mtu kitu asichoweza kukidai.

Daftari nalo liongezewe safu moja tu: mikono ya nani, saa ngapi, kila shamba, kiangazi na masika. Halitapendwa mwanzoni. Mwanamume atakayeona saa za mkewe zimeandikwa kwenye matuta yake anaweza kuhisi anashtakiwa, na mwenyekiti ajiandae kumweleza kwamba hakuna kesi hapo.

Limebaki jambo la petroli, na hapo ndipo mpango mzima unaweza kukwama. Kujaza tangi kila jioni kunakula mafuta. Mume atauliza, kwa haki, ni nani anayelipa. Wakisema mke alipe kabla, hana. Fedha yake inatoka kwenye mchicha ambao bado haujamwagiliwa, na tutarudi kwenye keni. Umoja ukubali kuyabeba mafuta ya mzunguko wa kwanza, na mke ayalipe siku mnunuzi anapochukua matuta, siyo siku moja kabla.